Kambare Aliyeitwa Jaji

Wiki iliyopita mjukuu wangu Brenda alinunua sanduku la kioo la kufugia samaki, akaliweka sebuleni kwake pale Nateete, karibu na televisheni. Akanishika mkono: "Jajja, njoo uone." Nilidhani ni vile visamaki vya rangi. Kumbe kambare wawili, ngozi laini isiyo na magamba, vichwa bapa kama koleo, ndevu zinapapasa kioo. Mmoja akapanda juu, akameza hewa, glup, akashuka. Ndugu yangu, miaka hamsini imepita, lakini sauti ile ilinikalisha chini. Brenda akadhani ni presha. Nikamwambia, "Weka jiwe juu ya hicho kifuniko. Huyo huruka." Akashangaa nimejuaje.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini majina ya watu hayajawahi kunitoka. Kaa nikusimulie.

Kwa Waganda mwanamke aliyezaa pacha huitwa Nalongo, na mama yangu alizaa dada zangu pacha kabla yangu, basi jina lake likawa hilo; hao walilelewa kwa mjomba. Alikuwa mpishi kule Mengo, katika nyumba ya mzee mmoja Mhindi, Natubhai. Tuliishi uani, chumba cha watumishi: mama, mimi, na baba yangu, Konstebo Okot wa polisi. Baba alikuwa mtu wa kaskazini, mama Muganda, na baina yao walizungumza Kiswahili; ndicho nilichonyonya. Jioni nilisikia kengele ya baiskeli yake langoni kabla sijamwona. Alikuwa na kikombe chake cha bati cha bluu, na hakuna mwingine aliyekinywea.

Mzee Natubhai alikuwa na sanduku kubwa la kioo lenye samaki tisa wa dhahabu. Wahindi walipoamriwa waondoke, alimfundisha mama kuwalisha, kidogo kidogo, kwa ncha za vidole. Hakulilia nyumba yake. Alililia samaki. Akaondoka na masanduku mawili.

Wiki haikuisha, akaingia Kapteni. Jina lake nalijua, la baba yake pia, na la kijiji chake, ila silitaji. Asipate mahali pa kukaa hata hapa. Alirithi nyumba, viti, samaki, na mama yangu. Siku moja dereva wake, Tadeo, alileta kambare kutoka kinamasi cha Nateete, ndani ya jerikeni iliyokatwa mdomo, mrefu kama mkono wangu mpaka kiwiko. Wakamtia pamoja na wale wa dhahabu. Asubuhi walibaki wawili. Adhuhuri hapakuwa na hata mmoja. Kapteni alicheka mpaka akashika mbavu. Akamwita Jaji, kwa sababu kila aliyefikishwa mbele yake alipata hukumu moja tu.

Kumtunza ikawa kazi yetu. Maji ya bomba yalikuwa na dawa, yangemuua, kwa hiyo tuliyatia kwenye pipa yakalala siku mbili juani. Mimi nilisugua kioo kwa majani ya ndizi, na kila mara nikarudisha jiwe juu ya kifuniko, asiruke. Jumamosi nilitumwa soko la Nakivubo na debe, kununua samaki hai kwa Mama Nakku. Na tangu Ijumaa Jaji hakupewa kitu, maana Jumapili, baada ya chakula, Kapteni alileta wenzake watazame. Vyura, samaki ngege wachanga, mara moja kifaranga. Jaji hakutafuna, alifungua mdomo tu na kitu kikawa hakipo. Wale wanaume wakapiga makofi na kugongana glasi, na mama alisimama mlangoni na sinia la pilau, macho sakafuni.

Kisha wakamchukua baba. Mchana kweupe, nje ya kituo chake cha polisi, wanaume wanne wenye miwani myeusi. Wakati ule jina la kaskazini lilitosha kuwa kosa. Baiskeli ililetwa na mwenzake, gurudumu limepinda, na huyo mwenzake hakuvuka lango.

Baada ya miezi mitatu ya kumtafuta bure, mama alipiga magoti mbele ya Kapteni kama Waganda tunavyopiga, mikono imekunjwa. "Afande, nakuomba. Uulize tu yuko wapi."

Kapteni alikuwa anatazama sanduku. Wageni walikuwepo, tena ilikuwa Jumapili. Akasema, "Sikia, Nalongo. Unaona Jaji? Siku Jaji atashindwa, bwana yako atarudi nyumbani. Mimi nimesema."

Wote wakacheka. Mzee mmoja kati yao, Sajini Meja Yusufu, alicheka mpaka akapaliwa na bia. Mama akainuka akaenda kuosha vyombo. Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi, na sikujua kwamba mtu mzima mwenye nyota begani anaweza kusema neno la bure. Nilisikia sharti. Nikaanza kumtafutia Jaji wa kumshinda.

Nilidhani ni ukubwa. Nikapeleka kambare mwingine; kesho yake ulibaki mkia. Nilipoomba mkubwa zaidi, Mama Nakku alinitazama chini ya kitambaa chake. Alikuwa amekaa juu ya kreti, anapanga nkolongo, wale samaki wadogo wenye miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni. Kila mmoja alimvunja miiba kwa koleo kabla ya kumuuza.

"Mbona unawavunja?" nikamuuliza.

"We mtoto! Huyu akishtuka anaisimamisha, hailali tena hata afe. Nimepasua kambare mnene hivi, nikamkuta huyu amekwama kooni. Wote maiti."

"Nipe mmoja. Usimvunje."

"Bannange! Unamtaka na meno yake? Unakwenda kumuoa?" Wauza samaki wote wakacheka. Lakini alinichagulia aliye hai sana, akamtia ndani ya debe, na njia nzima mpaka Mengo nilimsikia akikoroma na kulia kwi, kwi, kama mlango usiotiwa mafuta.

Jumapili mimi ndiye niliyemimina debe. Jaji alikuwa na njaa ya siku mbili. Alikuja kama risasi, mdomo ukafunguka, nkolongo akaingia. Makofi. Kisha Jaji akasimama. Akatikisa kichwa, mara moja, kama mtu aliyesahau neno. Akaanza kujipiga kwenye kioo. Alipiga hivi, na hivi, maji yakaruka mpaka kwenye viatu vyao, jiwe likaanguka toka juu ya kifuniko. Mwiba ukatoka chini ya taya, mweupe, na nyuma yake damu ikafuka ndani ya maji kama chai inayomwagwa. Sajini Meja Yusufu akapiga kelele, "Jaji amepata rufaa!" Wakacheka tena, ila Kapteni hakucheka. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe akaelea tumbo juu, mdomo wazi, na ndani ya mdomo ule ulionekana mkia mdogo, bado unacheza.

"Nani ameleta hii?"

"Mimi, afande," akasema mama. Hakunitazama.

Kapteni alikuwa na kiboko ukutani. Alimpiga mama palepale, juu ya zulia la mzee Natubhai, mpaka mabega ya gomesi, gauni lake, yakachanika na sinia likaenda chini ya kiti. Nilihesabu mpaka kumi na moja, kisha nikapiga ukelele: "Afande, ulisema! Ulisema Jaji akishindwa baba atarudi!"

Mkono wake ukabaki juu. Halafu yule mzee Yusufu, aliyelewa, akasema, "Kweli, afande. Mimi pia nilisikia. Wewe ulisema." Na wengine wakaguna, "Alisema, alisema," huku wakitabasamu.

Kapteni akatundika kiboko. Akanishika kidevu. "Mtoto ana akili. Mimi neno yangu ni moja. Atarudi."

Nilikimbia uani kukiosha kile kikombe cha bluu. Mama alikuja polepole akishika ukuta, akaniona nakisugua kwa majivu, na uso wake sijausahau. "Umefanya nini, mwanangu?" Nikajibu, "Nimemrudisha baba."

Jumanne asubuhi Tadeo aliingia na Land Rover. Alishusha kitu kilichofungwa turubai, akakilaza mbele ya mlango wetu, akavua kofia. "Nalongo, afande anasema mmeshinda. Bwana amerudi."

Tulimzika siku hiyohiyo Nateete, katika shamba la ndizi la mjomba, kwa sababu njia ya kwenda kwao ilikuwa imejaa vizuizi vya barabarani. Majirani walisema tuna bahati. Mke wa Konstebo Ocen, mke wa Konstebo Odongo, hawakupata hata kiatu. Sisi tulikuwa na kaburi.

Nyumba ya Mengo imebomolewa, pamejengwa ghorofa. Kinamasi kile kimefukiwa, vijana wanauza simu juu yake. Mama Nakku, Tadeo, Yusufu, wote wametangulia, na Kapteni alikimbia na serikali yake; sikusikia alikofia. Siku hizi kambare anauzwa kwa vijana mitandaoni, na chakula chake cha punje kiko kwenye kopo lenye picha.

Kitu kimoja nilikibeba. Mama alipokuwa anakufa, nilimuuliza hatimaye. "Mama, siku ile Jumapili, baba alikuwa hai?"

"Alikuwa amekufa zamani, Akello. Zamani sana. Wewe hukumuua mtu."

Nikasema ndiyo, mama. Lakini tangu hapo nimeosha maiti wengi: mume wangu, dada zangu, watoto wangu wawili. Najua maiti wa siku tatu kwa joto hili. Hakuna anayemkaribia bila kitambaa puani. Sembuse mtu aliyechukuliwa miezi minne kabla, kama kweli alikufa zamani! Jumanne ile mimi ndiye niliyemshikia mama karai. Alifungua turubai mwenyewe, akaniomba maji ya vuguvugu. Hakufunga pua. Aliinama, akaweka shavu lake juu ya shavu la baba, akakaa hivyo mpaka maji yakapoa.