Bandari Tatu za Mkunga

Mama yangu alistaafu ukunga mwezi wa tatu, na tangu siku hiyo hakuna kiti nyumbani kilichopata joto lake. Ni kiguu na njia tangu nimfahamu. Anakula amesimama, anaongea na simu akiizunguka meza, na ukimwambia aketi anakuuliza kuna nini. Miaka thelathini na moja ya wodi ya wazazi ilimfundisha kwamba aliyeketi ndiye anayechelewa.

Baba ni kinyume chake. Ni fundi viatu, ana kibanda pembeni ya soko, na maisha yake yote ameyapitisha juu ya kigoda. Sijui hawa wawili walipendanaje. Nadhani Mama alikuwa anapita, kiatu kikamkatikia.

Sasa Baba alitaka jambo moja tu: safari ya meli ya matembezi, siku sita, yeye na mkewe. Si meli ya matajiri. Ni ile ya bei nafuu, vyumba vya chini visivyo na dirisha, inayozunguka pwani na kuchukua abiria katika bandari tatu. Unachagua mwenyewe utapandia wapi, na bei zinatofautiana. Mara mbili huko nyuma walishapanga kusafiri pamoja. Mara ya kwanza simu ya wodi ilimkuta Mama akifunga begi. Mara ya pili ilimkuta kituo cha basi, na Baba akarudi nyumbani peke yake na mabegi yote mawili. Kwa hiyo safari hii aliniita kibandani, akaniambia huku akipaka soli gundi, "Hii nayo ikishindikana, simwombi tena." Baba si mtu wa maneno mengi. Niliogopa.

Mama alikubali, tena kwa furaha. Shida ikawa bandari. Dada wa ofisi ya wakala wa safari alitupa mpaka Ijumaa saa sita mchana tumpe jibu. Mtu mwingine angekaa akachagua. Mama alitoa daftari la zamani la wodini, akaziandikisha bandari zote tatu kama wazazi waliolazwa. Kitanda cha kwanza: bandari ya karibu, saa moja na nusu kwa basi, vyumba ghali. Kitanda cha pili: saa tano kwa basi, unafika siku ileile meli inapoondoka, na basi likiharibika umeachwa. Kitanda cha tatu: saa tisa kwa treni na kulala usiku mmoja mji wa watu, lakini hata ukijumlisha nauli na nyumba ya wageni, bado ndiyo nafuu kuliko zote.

Kisha akaanza kuvizungukia vitanda vyake. Kila baada ya saa mbili anampigia dada wa wakala kuuliza hali ya kila bandari, vyumba vimebaki vingapi, bei imepanda au imetulia, na majibu anayaandika kwa saa na dakika. Jumatatu kitanda cha kwanza kilikuwa kinaendelea vizuri. Jumanne hali ikabadilika. Jumatano akasema tusiharakishe, haya mambo hujileta yenyewe. Nilimwambia ngoja ngoja yaumiza matumbo. Akanijibu kwamba habari za matumbo anazijua kuliko mimi.

Alhamisi dada wa wakala akaacha kupokea simu zake. Jioni akatuma ujumbe: bandari ya pili imejaa. Mama alipiga mstari kwenye daftari, akaenda kufua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Mimi sahani yangu niliisukuma pembeni. Nilikuwa namwona Baba akirudi tena peke yake na mabegi mawili. Mwenyewe alikula, akashukuru, akaenda kulala.

Ijumaa, chai ya saa nne, Mama alitoa uamuzi akiwa amesimama mlangoni.

"Ya karibu," alisema. "Ni ghali kidogo, lakini mpaka meli ing'oe nanga naweza kugeuza. Wodi wakikwama, wananipata."

"Nani akupate?" Baba aliuliza. "Si umestaafu?"

Ndipo tukajua kwamba alimwahidi mkuu mpya wa wodi kuwa simu yake iko wazi saa zote, hata safarini. Nilikasirika, na sikuficha. Nilimwambia wodi ina wakunga tele, lakini mume aliye naye ni huyu mmoja. Baba akaninyamazisha kwa mkono. Alikiweka kikombe chini.

"Mama watoto, mimi hiyo meli siihitaji sana," alisema. "Naitaka ile treni. Saa tisa. Miaka yote hii sijawahi kukaa na wewe saa tisa ukiwa macho."

 Mikono ya Mama ilikosa la kufanya, nami sikuwahi kuiona hivyo. Alichukua kitambaa akaifuta meza safi, akaifuta tena.

"Na nikishindwa kukaa?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Utasimama. Mimi nitakuwa hapohapo."

Saa tano na robo Mama alimpigia mkuu wa wodi. Hakueleza mengi. Alimwambia kwa siku nane asimtafute, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeomba radhi. Baada ya hapo akaazima simu yangu ampigie dada wa wakala, maana namba yake mwenyewe ilikuwa imeshachokwa. Alitaja bandari ya mbali. Dada wa wakala akashusha pumzi mpaka nikaisikia, akasema kwa kurudi ipo ndege ya bei ya chini, saa moja tu mko nyumbani, aiweke?

Mama alimtazama Baba.

"Hapana," alisema. "Treni. Kwenda na kurudi."