Siku Nilipowapeleka Ng'ombe wa Mzee Masanja Kwenye Kisima Kikavu

Nacheka nikisimulia, lakini msidanganyike, kicheko chenyewe ni cha kuzibia aibu, maana mpaka leo nikipita karibu na ule ukumbi pale mjini Tabora navuta ushungi hadi puani. Na ninyi mliokuwepo siku ile naomba mnyamaze nisimulie mwenyewe, mnaongeza chumvi mno.

Basi, serikali ilituletea mashindano ya vijana, wenyewe wanaita hakathoni, mnakusanywa ukumbini siku mbili na kompyuta zenu, mnapewa takwimu ambazo serikali imezifungua kwa kila mtu, za shule, za zahanati, za visima, halafu mnaambiwa haya, buni kitu cha kumsaidia mwananchi. Niliingia na Shija, tuliyesoma naye chuo, mtu wa Choma kule Igunga, kwao wafugaji, mpole mpaka unamhurumia. Mwenye mdomo nilikuwa mimi. (Mimi mtoto wa mjini, binti wa fundi cherehani, ng'ombe namjua akiwa kwenye mchuzi.) Ilikuwa kiangazi, kile kibaya, tukachagua visima, na wazo letu hata leo nalitetea: mfugaji anasajili namba yake ya simu, mfumo unapitia takwimu za visima, unamtumia ujumbe kumwambia kisima gani cha karibu kina maji.

Jioni ya siku ya kwanza tukataka kuujaribu mfumo. Shija akatoa namba ya baba yake, mzee Masanja, tukachagua kisima kimoja ng'ambo ya mbuga kutoka kwao, chenye birika la kunyweshea mifugo, kwenye takwimu kimeandikwa "kinafanya kazi". Shija alikuwa ameuanza ujumbe kwa neno MAJARIBIO, na chini akaweka jina lake. Mimi lile neno nikalifuta. Kisa? Liliharibu sura, kesho majaji wakiliona kwenye skrini kubwa watasema hawa watoto wanacheza.

"Sauda, mzee ataelewa kweli?" Shija akaniuliza.

"Si utampigia baadaye?" nikamjibu, nikabonyeza.

Ujumbe ukaenda, tukapongezana, tukaenda kula chipsi. Hakumpigia, kwa sababu tuliporudi nilimshikisha kazi ya kuipaka ramani rangi, kisima kizima kijani, kibovu chekundu, na kila akigusa simu namwambia maliza kwanza hii.

Nisichokijua ni kwamba kule kwao, kiangazi, habari ya maji mtu haiulizi mara mbili. Ukianza kupiga simu huku na huku jirani anasikia, na ukifika unakuta birika limeshazungukwa na ng'ombe wa wenzako. Kwa hiyo aliyepata habari anafunga mdomo na kuwahi. Mzee Masanja aliusoma ujumbe wa mtoto wake, akaufuta, akaamsha watu wa bomani, wakaanza kuswaga ng'ombe wote usiku ule ule.

Kesho yake mchana tukaitwa mbele. Majaji wamejipanga, katikati yao mgeni rasmi, mkubwa wa ofisi iliyotoa zile takwimu. Nikashika kipaza sauti kama niliyezaliwa nacho. "Waheshimiwa, misafara ya zamani ilipita Tabora hii ikibahatisha maji. Sisi leo tunabonyeza tu!" Makofi hayo! Ningeishia hapo labda sasa hivi ningekuwa na cheti ukutani, lakini wapi, nikaongeza kwamba, ili wasidhani ni maneno matupu, nampigia mfugaji mwenyewe wamsikie. Shija akanivuta mkono wa gauni, nikampiga jicho. Nikaweka simu kwenye spika, nikaisogezea kipaza sauti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?" Sauti imekauka, na nyuma yake ng'ombe wanalia mlio ambao hata mimi wa mjini ulinitisha.

"Ni Sauda, rafiki yake Shija. Ule ujumbe wa kisima uliupata?"

"Niliupata, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma chao. "Tuko hapa hapa kisimani."

Ukumbi ukapiga makofi. Walipiga makofi, jamani! Mzee akangoja yaishe.

"Maji hakuna. Birika lina mchanga, pampu imeng'olewa zamani. Ng'ombe wengine wamelala chini, tunawanyanyua hawanyanyuki. Hebu mpe Shija simu atuelekeze vizuri, labda sisi ndio tumekosea njia."

Shija akaninyang'anya simu, akaanza kuongea Kisukuma, na watu wengi mle ndani walikuwa wanaelewa kila neno. Mgeni rasmi akainamia kompyuta yake. "Mbona kwetu hapa kinafanya kazi?" akasema, na kipaza sauti kikamchukua.

"Huyo anayesema kinafanya kazi," mzee akauliza, "alikunywa hapo lini?"

Mimi nikaikimbilia ramani kutafuta kisima kingine cha karibu, vya kijani viko vinne vitano, Shija akanishika mkono: "Usimtume tena." Na kweli, nimtume wapi? Ng'ombe wale wana safari moja tu iliyobaki miguuni, nikikosea tena ndiyo mwisho wa mji wa watu. Nikahisi haja ndogo inataka kunitoka mbele ya mgeni rasmi (sikufichi, ilibaki kidogo). Nikakamata kipaza sauti nikapiga kelele, machozi na kamasi pamoja: "Mwenye ndugu upande wa Igunga ampigie sasa hivi! Tunatafuta maji!"

Kila mtu akashika simu, hadi majaji, hadi mgeni rasmi amevua koti, Kisukuma, Kinyamwezi, Kiswahili, vyote kwa pamoja. Mwishowe dada mmoja wa kundi tuliloshindana nalo akainuka: shangazi yake yuko kwenye lambo lisilo mbali na kile kisima, maji ni ya tope, lakini ng'ombe wanakunywa.

"Anawaona kwa macho yake?" nikauliza.

"Amesimama kando yao."

Shija akamwelekeza baba yake, halafu simu ya mzee ikazima. Mshindi alitangazwa, wala sijui nani. Tulikaa kwenye ngazi za ukumbi mpaka adhana ya magharibi ilipokwisha, ndipo ndugu yake Shija akapiga: wamefika, wamekunywa, ila mtamba mmoja alibaki kule kule kisimani.

Tangu hapo nimekula kiapo, simwambii mtu pana maji mpaka nimeongea na aliyeteka siku hiyo hiyo.

Shija alikwenda kwao, akarudi na nyama iliyokaushwa. "Baba kasema hii ni ya yule binti wa simu." Nikajua nasutwa. Nikamwambia siwezi, dini yangu hainiruhusu nyama ya mnyama aliyejifia.

"Hakujifia," Shija akasema. "Baba alipoona haamki alituma mtu akamtafute Mwislamu kijijini aje amchinje kabla hajafa. Alisema jina lako ni Sauda, usije ukakosa."