Mshika Dau wa Isukha

Milcah Mideva hakuwahi kuficha kwamba anapenda fahali. Kila Jumamosi, jua halijapanda, alitoka chumba chake cha kupanga pale Shirere, kofia ya marehemu babake kichwani, akaenda Isukha kuona fahali wakipigana. Huko alipiga mbinja, akacheza ngoma ya isukuti, akamwekea fahali aliyempenda dau la shilingi ishirini. Akishinda, alinunua ingokho, kuku wa kienyeji. Akiliwa, alisonga obusuma, ugali wa kwao, kwa mboga na hakumnunia mtu. Jumatatu alikuwa mezani kwake katika ofisi moja kubwa ya serikali mjini Kakamega, taipureta ikilia kama mvua ya mawe juu ya mabati. Miaka kumi na minne, na hakuna aliyekuwa na neno.

Neno lilianza mwaka wa 1994, Jepchirchir wa masijala ya siri alipostaafu. Masijala ya siri ni kile chumba chenye mlango wa chuma, ambamo barua za mhuri mwekundu hupigwa taipu na kufungwa kwa lakiri. Bwana Wanzala, mkubwa wa ofisi, akampendekeza Milcah. Na Milcah aliitaka kazi ile, tusidanganyane. Ilikuja na nyumba ya serikali ya vyumba viwili, na binti yake Gentrix alikuwa amechoka kulala kwa jirani. Ila kwanza lazima Milcah achunguzwe, apewe kibali.

Mchunguzi alitoka Nairobi, bwana wa makamo aitwaye Kimutai, viatu vinang'aa hata kwenye matope. Alienda Isukha kuuliza habari za Milcah kwa watu wake, na wa kwanza kukutana naye alikuwa Mzee Lihanda, mwenye fahali aitwaye Nyundo. Mzee akafurahi. Alidhani sasa ndio wakati wa kumsaidia binti yao.

"Milcah? Huyo ni mtu wa maana sana," alisema. "Tukiwekeana dau, pande zote mbili humpatianga yeye ashike. Fahali yangu ikiwa mgonjwa, namwambianga. Na wale wengine wanamwambianga ya kwao. Haijawahi toka kwa mdomo yake. Andika hivyo, upeleke kwa serikari."

Kwa watu wa Isukha hakuna sifa inayoipita hiyo. Watu wasioaminiana huhitaji mmoja wa kuaminiwa na wote, na asiye mwaminifu hashikishwi dau hata siku moja. Lakini Kimutai hakuwa mtu wa Isukha. Aliandika maneno mawili tu: mcheza kamari.

Jumatatu akamwita Milcah.

"Madam, ni kweli unacheza kamari?"

"Nawekanga dau kwa fahali, ndiyo."

"Mtu wa kamari akiliwa anakopa. Akikopa sana, anauza siri za serikali."

"Nimeliwa mara nyingi, afande. Uliza duka lolote Shirere kama nina deni."

Kimutai alikuwa ameshauliza, na hakupata deni lolote. Basi akalegeza sauti, akasukuma karatasi mbele yake. Aandike kwamba ameacha. Halafu aorodheshe wafanyakazi wa serikali wote wanaoweka dau pale uwanjani, naye angempa kibali.

Milcah aliyajua majina yote. Alimjua askari, akawajua makarani, akamjua na yule mkubwa aliyekuja na koti la mvua hata wakati wa kiangazi, kofia yake ameivuta mpaka puani. Akaifikiria ile nyumba. Akamfikiria Gentrix na godoro lake la kuazima. Mkono ulishika kalamu, msije mkasema alikuwa malaika. Halafu hasira zikampanda.

"Afande, unanipima kama naweza kufunga mdomo, ama kama naweza kuufungua?"

"Madam, andika tu."

"Nikikupa haya majina, hiyo kazi usinipe. Siku moja mtu mwingine ataniletea karatasi kama hii. Na fahali siachi. Babangu alinibeba mabegani kwenda kuwaona."

Kimutai akachukua karatasi yake tupu akaondoka bila kwaheri.

Baada ya wiki tatu Bwana Wanzala alimwita Milcah, macho dirishani. Mkononi alikuwa na barua aliyoiandika kwa kalamu, kama Nairobi ilivyoagiza. Ilisema kwamba Milcah Mideva, kwa sababu ya kamari, hafai kukabidhiwa barua za siri. Ilikuwa barua ya siri, ya mhuri mwekundu. Jepchirchir hayupo, na wapiga taipu wale wengine wangeifikisha sokoni kabla ya chakula cha mchana.

"Milcah, sina mtu mwingine," alisema.

"Najua, mzee."

Akafungua mlango wa chuma, akaketi kwenye kiti alichokitamani, akaipiga taipu barua ya kumkataa. Aliumia, tena sana. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja yasilowanishe karatasi. Hakubadilisha neno, ila jina lake lililokosewa alilirekebisha. Kaboni akaichoma kama sheria inavyotaka, kisha akaipeleka barua itiwe sahihi.

"Na tafadhali," Wanzala alisema, "isijulikane."

Milcah alicheka mpaka tarishi akachungulia kutoka ukumbini.

"Mzee, Kimutai aliniomba majina. Sikumpa hata moja. Hata la mwenye koti la mvua sikumpa."

Kalamu ya Wanzala ikasimama. Masikio yakamwiva.

"Tia sahihi," Milcah akasema, "lakini uniangalie."

Wanzala akamwangalia, kisha akatia sahihi. Milcah akaifunga barua kwa lakiri, akaikabidhi kwa tarishi, akarudi mezani kwake.

Jumamosi alikuwa Isukha, kofia ya babake kichwani, na pande zote mbili zikampa dau ashike.