Land Rover ya Mzee Ogle

Mzee Ogle alipofariki, Land Rover yake kuukuu ilibaki uani kwake Garissa, kuku wakitaga ndani. Binti yake Abshiro, fundi wa jenereta, aliamua kuifufua. Alikwangua kutu, akashona viti upya, akafunga injini ya dizeli iliyotoka kwenye pikapu ya Toyota.

Ijumaa moja baada ya swala aliiwasha. Injini ikashika papo hapo, na majirani wakaja mbio kuchungulia. Abshiro alicheka hadi machozi yakamtoka.

Mama yake, Hodo, alitoka jikoni akijifuta mikono.

“Shuka,” alisema.

“Hooyo, panda upande ule nikuzungushe.”

“Nimesema shuka. Baba yako alipozidiwa na malaria kule Liboi, unadhani nani aliyemleta hospitali na gari hili?”

Abshiro hakuwahi kusikia habari hiyo. Alishuka, akampisha. Mama alikunja buibui, akatia gia, akaligeuza gari katikati ya ua bila kugusa ukuta. Uso wake ulikuwa umenawiri kama wa msichana.

“Fungua geti,” alisema.

Abshiro alilifungua, akarukia kiti cha abiria, wakashika barabara ya darajani.