Dereva Hakatai Chakula

Mume wangu alipoajiriwa kuendesha basi la Bukoba kwenda Muleba, alikuwa mwembamba hivi kwamba suruali aliyopewa na tajiri wake niliipunguza kiunoni mara mbili. Kabla ya hapo alikuwa akipakia magunia ya kahawa kwenye malori, na usukani alijifunzia humo humo, dereva akimwachia kidogo kidogo barabara ikiwa tupu. Siku aliyoleta leseni nyumbani kwetu Hamugembe nilipiga kelele za furaha katikati ya migomba, majirani wakaja mbio wakidhani nimeumwa na nyoka.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, kahawa ina bei nzuri, na watu wameanza kusafiri hata pasipo msiba. Tajiri aliajiri madereva wapya wanne kwa mpigo, mume wangu mmoja wao, wote wembamba. Mwaka haujaisha wote wanne wana matumbo, na mji mzima unawasifu. "Kazi imemkubali!" wanawake waliniambia sokoni. Nami mjinga nikacheka meno yote nje, kwa sababu mume akinenepa anayesifiwa ni mke.

Wala si mimi niliyemnenepesha. Ni barabara. Dereva wa basi siku zile alikuwa mtu mkubwa: ndiye anayebeba barua, ndiye anayekubali au kukataa kumsubiri mgonjwa, na akikuacha umeachwa mpaka kesho kutwa. Basi kila kituo kilikuwa na mwanamke aliyesimama na kitu kwenye jani la mgomba. Ndizi za kupika, ebitoke, na maharage, samaki, kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, senene wa kukaanga msimu wao ukifika. Alikula palepale nyuma ya usukani, hainuki mpaka Muleba, na Muleba akala tena.

Kapu kubwa kuliko yote lilitoka Izigo, kwa mama yangu mzazi. Mama alikuwa mjane, anaishi peke yake, na mkwe mwenye basi ndiye fahari yake. Kwa heshima ya ukwe hakulisogelea basi hata siku moja. Alisimama mbali kwenye mibuni, kajitanda kanga, uso kaugeuza, na jirani yake ndiye aliyepeleka kapu dirishani.

Kilichonishtua kwanza ni maji. Mume wangu alikuwa akifika nyumbani anakunywa mtungi akiwa amesimama, anahema, anataka tena. Kisha abiria wakaanza kumtania kwamba dereva anasimamisha basi kila baada ya kilima aingie migombani. Walicheka, naye akacheka nao. Asubuhi moja nikiwa na jembe nyuma ya nyumba niliona sisimizi wamejaa pale alipozoea kukojoa, mstari mrefu mweusi unakwenda na kurudi. Nilitupa jembe.

Nikamkokota kwa daktari wa misheni. Ndiyo, nilimkokota, maana alisema mtu mwenye afya kama yake anakwenda hospitali kufanya nini. Daktari alichukua mkojo wake, akauchemsha na dawa ya bluu kwenye kichupa cha kioo, na ile bluu ikageuka mbele ya macho yetu ikawa rangi ya tofali.

"Ni ugonjwa wa sukari," daktari akasema. "Umeanza, haujakomaa. Kazi yako ni kukaa na kula. Kukaa huwezi kuacha, basi acha kula njiani. Chakula chako ule nyumbani, kidogo. Pombe basi. Kazini uende kwa miguu. Ukipungua utaishi. Usipopungua nitakukata mguu, na baada ya mguu sijui nitakukata nini."

Nilimshika mtu wangu kama askari. Kila asubuhi nilimsindikiza kwa miguu kutoka Hamugembe mpaka gereji, mkononi nimebeba chakula chake: ndizi mbili za kuchemsha na mboga za majani. Watu walitukodolea macho. Dereva anatembea! "Vipi bwana dereva, basi limekufa?" Yeye aliona haya, mimi nilijibu. "Limekufa la kwenu, pita zako!" Baada ya wiki kadhaa maji yakapungua, na tumbo likaanza kuachana na usukani. Nikaanza kulala usingizi.

Kilichobaki ni vile vituo. Na hapa lazima niseme jambo ambalo kwetu halisemwi kwa sauti. Chakula ulichopewa kwa mkono mweupe hukikatai. Ukikikataa, umesema kina sumu. Ndiyo maana mwenyeji huonja lubisi kwanza kabla ya kumpa mgeni: anamwonyesha kwamba haitamdhuru. Mume wangu alipoanza kusema kwa adabu, "Nimeshiba, waitu," wanawake walicheka, wakadhani anaringa. Aliporudia, wakaacha kucheka. Akaja kuniambia kwamba mmoja wao amelia mbele ya abiria, kwa sababu majirani wanamtazama vibaya: ameweka nini humo mpaka dereva anayekula popote akikatae chakula chake?

"Wakatae wote," nikamwambia. "Ukiwakataa wote hakuna atakayesema umemtilia shaka yeye."

Niliona nimetoa shauri la akili kweli. Akawakataa wote, na Izigo pia.

Haukupita mwezi nikasikia kwamba watu wa Izigo hawatafuni tena kahawa nyumbani kwa mama. Mgeni akifika, mama anamletea kahawa kwenye kikapu kidogo kama desturi, mgeni anasema ana jino bovu. Nilipanda basi siku hiyo hiyo. Nilimkuta mama mlangoni, amekonda.

"Mae," nikamwambia, "mkweo anaumwa. Ana sukari mwilini."

"Sukari? Mimi humu ndani sina hata kijiko cha sukari."

"Ni ndizi, ni pombe, ni kula mchana kutwa amekaa. Daktari amemkataza."

"Ndizi walizokula babu zako wote? Zimemuua nani?" Akaketi kizingitini. "Na majirani niwaambie nini, mwanangu? Niwaambie chakula changu kinamkata mkwe wangu mguu?"

Mimi nina hasira za karibu, tangu utotoni. Nilikuwa nimechoka kutembea, nimechoka kuchekwa, nimechoka kuogopa. Nikapayuka: "Ndiyo! Waambie hivyo hivyo! Chakula chako kinamuua mume wangu!"

Jirani aliyezoea kupeleka kapu alikuwa uani, amekuja kuomba moto. Alisikia kila neno. Akaondoka bila moto.

Usiku ule mama aliingia jikoni. Alipika. Kesho yake, basi lilipokuwa linarudi kutoka Muleba, tulikwenda barabarani, na kituo kizima kilikuwa kimejaa watu, wengine hawana safari yoyote. Mama alikuwa na kapu kichwani. Basi liliposimama hakwenda kwenye mibuni. Mae waitu! Alikwenda moja kwa moja dirishani kwa mkwewe, uso wazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona wala sikutaraji kuliona. Akafunua jani, akamega kitoke, akatafuna, akameza, kisha akafungua kinywa na kugeuka huku na huku ili wote waone kwamba amemeza. Halafu akamwinulia kapu.

Injini ilikuwa inanguruma. Mume wangu alinitazama juu ya kichwa cha mama. Nilijua ananiuliza nini. Akikataa, mama yangu amekwisha katika kijiji kile. Akila, kila kituo kitajua kwamba anakula tena. Ningetikisa tu kichwa, angekataa. Nikatazama chini.

Akala mpaka jani likabaki tupu. Watu wakapiga makofi.

Habari ilitangulia basi. Kuanzia siku ile wanawake wa vituo vyote walikuwa wakionja mbele yake dirishani, na aliyeonjewa hana pa kupitia. Nilipomgombeza alisema, "Mke wangu, niwaite wote wachawi?" Maji yalirudi. Tumbo likarudi. Viatu vipya vilimchubua kidole cha mguu, akakificha kidonda ndani ya soksi kwa sababu hakikumuuma, mpaka harufu ikaniambia. Daktari alikata mguu, kama alivyosema. Wiki ya tatu mume wangu akafariki, hajafikisha miaka arobaini.

Matangani ukoo wake ulikaa upande mmoja, mama yangu upande mwingine peke yake kwenye mkeka. Shemeji yangu mkubwa alisimama akasema wazi kwamba ndugu yao amelishwa, na aliyemlisha yupo hapa. Mimi nikasimama. Nikaeleza mkojo, dawa ya bluu, rangi ya tofali, kila neno la daktari. Walinisikiliza kwa adabu zote. Kisha yule jirani wa Izigo akasema taratibu, "Lakini wewe mwenyewe ulisema chakula chake kinamuua. Nilikuwepo."

Ni kweli nilisema.

Mama akanigeukia. Hakulia, wala hakuwajibu wale. Aliniuliza mimi peke yangu, kwa Kihaya, kwa sauti aliyokuwa akiniamshia nikiwa mtoto: "Na wewe, mwanangu, unaamini ni mimi?"

Nilijua ukweli wote. Nilijua ni ugonjwa, ni ile kazi, ni barabara nzima, na ni mimi niliyetazama chini. Lakini hasira yangu ilikuwa bado inatafuta mtu wa kumshika, na nikakawia kujibu. Haikuwa muda mrefu. Mama alisubiri, akaona nimekawia, akainuka, akakunja mkeka wake.