Niliomba Kujiunga na Ukoo wa Baba

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa amekaa kizingitini na simu mkononi aliposema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Kaka, ng'ombe zetu zimechukuliwa zote."

Nilikuwa nanawa miguu. Sikumwuliza kitu. Tarime mtu akisikia neno kama hilo hushika fimbo kwanza, maswali yanamkuta njiani. Nilizunguka nyumba pekupeku, povu la sabuni likiwa bado kwenye vifundo vya miguu, na nikawakuta ng'ombe wawili alioacha marehemu baba wamelala zizini, wanacheua. Niliporudi mbele, yule mtoto alikuwa anacheka mpaka simu inamtikisika mkononi.

"Siyo hizo, kaka! Za kwenye gemu!"

Ndivyo nilivyojua kwamba mdogo wangu ana ng'ombe wengine, na boma jingine.

Alikuwa amekuja likizo ya Desemba kutoka kwa shangazi yetu, dada yake baba, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka wa Sirari, upande wa Migori. Baba na mama walipofariki, wakifuatana katika msimu mmoja wa mahindi, wazee walikaa wakatugawa. Dada yetu wa kati alipelekwa Mugumu kwa mama mdogo. Huyu wa mwisho, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni, alichukuliwa na shangazi. Mimi mkubwa niliambiwa nibaki hapa Genkuru nishike nyumba, ili ua usianguke. Nilikuwa kidato cha pili. Sikurudi darasani. Siku ile niliwaambia wazee kwamba wadogo zangu wanaondoka kwa muda tu, na kwamba nitawarudisha chini ya paa la baba mmoja baada ya mwingine. Walinitazama kama mtu anayeahidi mvua.

Basi mtoto akanionyesha. Ndani ya kioo kulikuwa na boma lenye ua wa miiba, shamba, kisima na zizi. Unapanda, unafuga, unajenga, na watu usiowajua wanaweza kuja kukuvamia, kwa hiyo unaungana na wenzako mnakuwa ukoo. Nilimwuliza simu ikivunjika itakuwaje.

"Hazikai kwenye simu," alisema. "Kwa shangazi nazifungua kwenye laptopu ya dadi. Nikiwa njiani nazikuta kwenye simu. Dada naye anazifungua kwenye kompyuta ya steshenari kule Mugumu anakofanya kazi. Ni zilezile, kaka. Unaweka neno lako la siri tu."

Mimi nimewahi kuvusha ng'ombe wa kweli pale mpakani, ninajua maswali wanayoulizwa wenye ng'ombe. Hawa walikuwa wanavuka kila jioni bila mtu kuwauliza wanakwenda wapi. Lakini kilichonichoma kilikuwa lile neno, dadi. Alikuwa analitumia kwa mume wa shangazi, bila kufikiri, kama mtoto mwingine yeyote anavyomwita baba yake.

Kisha akanionyesha ukoo wao. Majina matatu yalikuwa ya kwetu: lake, la dada, na la mume wa shangazi. Wengine walikuwa watoto wa majirani zao wa Migori. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, palikuwa na jina la ukoo. Walikuwa wameupa jina la marehemu baba yetu. Na pembeni ya jina la baba, mahali pa mkuu wa ukoo, alikuwa ameketi mume wa shangazi.

Kwetu mkwe ni mtu wa heshima. Anakaribishwa, anachinjiwa, na anakaa upande wa wageni. Hajawahi kukaa kwenye kiti cha baba mwenye nyumba.

Nilimrudishia mtoto simu. Nilikwenda kukata majani ya ng'ombe nikakata mengi kuliko waliyoweza kula.

Wakati ule dhahabu ilikuwa imewatia watu wazimu. Kila wiki zilisikika habari za duara jipya, shimo jingine la wachimbaji, na wageni walikuwa wanapanga hata mabanda ya kuku. Mimi na wenzangu wanne tulikuwa na shimo letu Kemambo, tukishuka kwa zamu kuufuata mwamba wenye dhahabu ambao kila mmoja aliapa kwamba uko karibu. Nilikuwa nakaa kambini wiki nzima, narudi nyumbani Jumamosi kutazama mifugo aliyokuwa ananiangalizia jirani. Tulipopata kidogo, wenzangu walinunua nyama na bia. Mimi nilikwenda sokoni kununua simu.

Niliichagua kwa ukubwa wa kioo, kama mtu anavyochagua dume kwa nundu. Ile gemu ilikataa kuingia. Nilipoirudisha, muuzaji, kijana mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma, aliigeuzageuza akacheka.

"Kaka, hii mfumo wake wa zamani. Gemu za siku hizi hazikai humo. Hii ni ya kusikilizia redio."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniambia unacheza gemu. Mtu mzima na ndevu zako!"

Niliongeza hela juu nikapata nyingine, ndogo, ambayo nisingeitazama mara mbili. Hiyo ilikubali. Nilijenga kaboma kangu, nikatafuta jina la baba, nikalipata. Kioo kikaniandikia: Omba kujiunga. Nikabonyeza. Kikaniandikia: Subiri idhini ya mkuu wa ukoo.

Nilisubiri. Nilishuka shimoni, nikapanda, nikakuta bado nasubiri. Mimi, ninayelala kwenye nyumba aliyoijenga yule mwenye jina, ninayepalilia kaburi lake, nilikuwa nje ya ua nangoja mkwe amalize kuuza misumari kwenye duka lake Migori anifungulie. Alipofungua aliandika, "Karibu sana kijana wetu! Uko poa?" Nilijibu, "Shikamoo anko." Ningejibu nini kingine? Alikuwa mtu mwema. Angekuwa mtu mbaya, wivu wangu ungekuwa kazi nyepesi.

Niliingia katika daraja la chini kabisa, daraja la mgeni. Mdogo wangu alikuwa na cheo cha mzee, na angeweza kunifukuza kwa kidole kimoja.

Nilianza kucheza kwa hasira. Nilicheza nikingoja zamu ya kushuka, na wenzangu hawakuniachia nafasi ya kupumua.

"Mura," waliniita, kama vijana wa kwetu wanavyoitana, "umekuja kuchimba au kuchunga?"

"Mwacheni. Ng'ombe wake hawali mahindi ya jirani."

"Lakini maziwa yao anakamulia wapi?"

Nilicheka nao, lakini jicho lilikuwa kwenye kioo. Nilikuwa natazama wadogo zangu wanavyoandikiana humo. Dada anatania kutoka Mugumu kwamba mteja amemwambia achape barua na yeye anachimba kisima. Mtoto anacheka. Anko anawaambia saa ya chakula imefika, wafunge. Kila jioni walikuwa hivyo, pamoja, na walikuwa hivyo muda mrefu kabla sijajua. Miaka yote hiyo niliyokuwa nahangaika kuwakusanya, walikuwa wameshakusanyika mahali pengine, na mimi sikuwepo.

Anko alipoona boma langu ni maskini, alinitumia ng'ombe watano. Kulikuwa na kitufe cha kupokea. Sikukibonyeza. Ng'ombe wake walishaingia kwetu mara moja, alipomwoa shangazi, na hao walikuwa halali. Hawa wapya walikaa mlangoni pangu siku kadhaa, wote wakiwaona. Mtoto akaandika, "Kaka mbona hupokei ng'ombe za dadi?" Nikamwandikia kwamba bando limeisha.

Desemba iliyofuata shangazi na mumewe walimleta mtoto wenyewe. Nilipowaona wamevaa nguo za kanisani siku isiyo ya kanisa, nilijua wana neno. Nilichinja jogoo. Dada alikuwa ametoka Mugumu, akapika. Tulipokwisha kula, shangazi akasema alichojia.

"Mwanangu, huyu mtoto amezoea kule. Shule anaipenda. Tunaomba tumwandikishe moja kwa moja, awe wetu. Tumekuja kuomba, hatujaja kutangaza."

Niliona mtoto anatazama vidole vya miguu yake. Nikasema hapana. Nikasema baba alizaa watoto watatu na nyumba yake ni hii, na huyu wa mwisho atasomea shule ya kata hapa kama watoto wengine wa Genkuru.

Shangazi hakupandisha sauti. "Sawa. Wewe uko Kemambo wiki nzima. Akitoka shule atamkuta nani? Ng'ombe?"

Nilimgeukia mtoto na kusema kile nilichokuwa nimekibeba mwaka mzima. "Kwa nini ulimpa anko ukuu? Lile ni jina la baba yetu. Ulishindwa kuniwekea?"

Dada aliacha kukusanya vyombo. Mtoto aliinua uso, na nikaona kwamba anashangaa kweli.

"Kaka, mimi ndiyo nilianzisha. Simkumbuki baba sura, nikaweka jina. Lakini mkuu asipoingia siku nyingi, gemu inampa mwingine, hata mtu tusiyemjua. Mimi nilikuwa nanyang'anywa laptopu wakati wa mitihani. Wewe hukuwa na simu. Dadi anaingia kila siku."

Anko alitikisa kichwa, akatoa simu yake mfukoni. "Kijana, kama ni hiyo tu, mbona mambo rahisi? Nakupa sasa hivi." Kidole kilikuwa juu ya kioo.

"Acha, anko," nilisema. "Hicho cheo kaa nacho. Mimi nataka mtoto."

Kisha nikamjibu shangazi. Nilimwambia kwamba shule zikifunguliwa sitakuwa Kemambo tena. Nitalima, nitafyatua matofali, nitakuwepo hapa kila jioni. Nilipolisema neno hilo, nililisikia lilivyo zito, maana mwamba ulikuwa umeanza kuonyesha rangi ya dhahabu wiki ileile. Shangazi alimtazama mumewe. Anko akarudisha simu mfukoni polepole na kusema, "Basi. Mwenye nyumba amesema."

Mtoto aliuliza kama laptopu itakuja naye. Hatukuweza kuzuia kicheko, hata yeye.

Januari alikuja na begi. Sitasema alifurahi. Miezi ya kwanza alikuwa anapanda na simu kwenye jiwe lililo nyuma ya nyumba kutafuta mtandao, na nilikuwa naisikia sauti yake kutoka shambani, "Dadi, wamekuja upande wa kisima!" kwa furaha ambayo hakuwa ananiletea mezani. Mimi niliuacha mchezo. Mikono ya tope la matofali na kioo havielewani. Lakini nilikuwa ninasikiliza. Kila alipocheka kule juu, nilipiga jembe kwa nguvu zaidi.

Wenzangu wa Kemambo waliupata mwamba kabla ya masika. Walinunua pikipiki nne, mpya, nailoni bado ziko kwenye viti. Alasiri moja walipita kwangu wote wanne, wakasimama langoni wakipiga resi mpaka kuku wakakimbia.

"Mura! Ungevumilia kidogo tu, ya tano ingekuwa yako!"

"Rudi bwana, bado kuna upande wa pili. Tumekuachia nafasi."

"Siwezi," nilisema. "Kuna mtu anatoka shule."

"Mtu gani? Umeoa bila kutuambia?"

Walicheka, wakawasha, wakaondoka kuelekea Nyarero. Nilitazama vumbi lao mpaka likakunja kona, na niliwaonea wivu kwa moyo wangu wote. Halafu nikaingia jikoni kupuliza moto, kwa sababu watoto wenye sare walikuwa wameanza kuonekana barabarani, na wa kwangu hupenda ugali ukiwa wa moto.