Jibu la Mwikali

Mwanangu, kuna siku moja nikiikumbuka hata leo uso unaniwaka kwa aibu. Ni siku mbuzi wa ntheo walipoletwa kwetu kumposa dada yangu, Mwikali. Baba alikuwa ameshafariki, na mimi, kijana wa miaka ishirini na mitano, nilikuwa nimejipa ubaba wa boma lile. Usicheke. Hata kiti chake nilikuwa nakikalia.

Mposaji, Musyoka, nilimleta mimi mwenyewe. Tulikuwa tukinunua mbuzi pamoja Tseikuru na kuwauza Mwingi siku ya soko. Alikuwa mtu wa kazi, hanywi, haongopi. Mpaka leo sina neno baya juu yake, na hilo ulishike.

Wageni walipomaliza chai, baba mkubwa, Mzee Nzioka, alimwita Mwikali mbele ya watu, maana kwetu mbuzi wa ntheo hachinjwi kabla msichana hajaulizwa; akishachinjwa, msichana amekuwa mke wa mtu.

"Mwikali, hawa watu unawajua? Tuchinje hii mbuzi?"

Mimi nililiona ni swali la desturi tu. Kisu nilikuwa nacho mkononi tayari. Nikajibu kwa sauti, "Tuchinje tu, baba. Huyu amekubali."

Mzee hakukasirika. Alinitazama kwa upole kabisa. "Kumbe ni wewe umekubali? Basi ingia nyumba uchukue nguo zako, uende na hawa watu. Wamengoja bibi tangu asubuhi."

Vicheko vya watu, mwanangu! Hata Musyoka alicheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na bado hayo hayakuwa kitu. Watu walipotulia, mzee alimgeukia dada yangu akamuuliza upya. Mwikali, aliyeamka alfajiri kuwachotea wageni maji, aliyewapikia chapati kwa mikono yake, akasema, "Hapana. Msichinje."

Mama alijishika kichwa. Mimi kisu kikaniponyoka.

"Aiya, Mwikali!" nikamaka. "Miezi yote hii tukipanga posa, mbona hukusema?"

"Ni nani aliniuliza?"

Nilimjua tangu azaliwe, nikajua anachopenda kula na anachoogopa, lakini hilo moja sikuwahi kumuuliza. Nilishtuka, na bado nashtuka, kwamba tungemwoza vile huku tukipiga vigelegele, na tunampenda.

Mbuzi walirudi kwao. Baadaye Mwikali aliolewa na fundi wa baiskeli kule Kambu, na shida zimempata kama zilivyotupata sote. Lakini hajawahi kuniambia kwamba mimi ndiye niliyempeleka huko.

Watu husema, kama kitu ni kizuri, kuna haja gani ya kuuliza? Nami nilisema hivyo hivyo. Musyoka alikuwa mzuri kweli. Ila alikuwa chaguo langu, na maisha yalikuwa ya Mwikali.

Sasa nasikia umemjazia binti yako fomu ya chuo, ukimchagulia unesi kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na imebaki kuituma tu. Usiitume. Mwite, mkalishe, muulize, kisha unyamaze mpaka ajibu, hata jibu lenyewe likikuumiza. Mungu akupe masikio ya kumsikia, na akuzidishie miaka umwone akitembea katika njia aliyoichagua mwenyewe.